ER4SR au ER4XR: jinsi ya kuchagua kati ya iafoni mbili zinazokaribia kuwa moja

Ukizilaza mezani ubavu kwa ubavu, iafoni za Etymotic ER4SR na ER4XR, yaani vipokea sauti vya kuingiza sikioni, ni vigumu kuzitofautisha kwa umbo bila kusoma jina. Mwili ni uleule mwembamba wa alumini, waya uleule, vimpira vilevile vya kuzibia sikio, spika moja kila upande, ukinzani uleule wa omu 45. Zilitoka pamoja mwaka 2016, na kule Marekani zilianza kuuzwa kwa bei ileile ya dola 349. Kilichobadilishwa hasa ni besi. Chini ya hezi 200 hivi (hezi hupima mlio ni mzito au mwembamba kiasi gani), XR imeongezewa takribani desibeli 3 hadi 4 (desibeli hupima ukubwa wa sauti). Juu ya hapo, kwenye sauti za waimbaji, fidla, gitaa na matoazi, zinakwenda sambamba.

Desibeli 3 hadi 4 ni tofauti ambayo sikio linaisikia vizuri, lakini ni ndogo kuliko makosa ambayo mtu hufanya anapozijaribu. Kimpira kisichokaa sawasawa kinaweza kumeza besi mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza ziba sikio, kisha hakiki chanzo cha sauti, kisha sawazisha ukubwa wa sauti, na kusikiliza kuje mwisho. Anayeanza na kusikiliza anaishia kulinganisha vimpira akidhani analinganisha iafoni.

Majina yasikuchanganye

Kampuni ya Etymotic Research ilianzishwa mwaka 1983 na Mead Killion huko Elk Grove Village, jimbo la Illinois, na mizizi yake iko kwenye vifaa vya kupima usikivu na vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu. ER-4 ya kwanza ilitoka mwaka 1991, na tangu hapo jina hilo limezaa ndugu wengi. Kwenye soko la mitumba utakutana na ER4S yenye omu 100 na ER4P yenye omu 27. Hizo ni za zamani, na waya wake huingia kwa pini mbili. SR na XR zinatumia kiungio cha mviringo cha MMCX. Muuzaji akiandika “ER4S” kwenye tangazo, omba picha ya jina lililoandikwa kwenye mwili wa iafoni na picha ya kiungio cha waya, maana herufi moja tu ya R inabadilisha kila kitu.

Ndani ya zote mbili mna spika ya aina ya amecha. Ni kipande chembamba cha chuma kinachotikisika katikati ya sumaku na kusukuma kiwambo kidogo sana. Spika ya namna hii ni nyepesi kusimama na nyepesi kuanza, ndiyo maana ala zinasikika zimeachana hata wimbo unapojaa. Lakini haisukumi hewa nyingi. Inategemea kabisa kile chumba kidogo cha hewa kati yake na ngoma ya sikio kiwe kimefungwa. Kikivuja, besi inaondoka.

Hatua ya kwanza: ziba sikio mpaka uwe na hakika

Vimpira vya ngazi tatu, yaani vyenye miavuli mitatu iliyofuatana, vinaingia ndani kuliko iafoni nyingi ulizozoea. Mara ya kwanza utahisi kama zinakwenda mbali mno. Fanya hivi, polepole:

1. Lowanisha kimpira kidogo kwa maji safi. Tone moja linatosha. Kikiwa kikavu kinakwaruza na kugoma katikati ya njia.
2. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ukingo wa juu wa sikio, uvute juu na nyuma. Njia ya sikio ina kona, na kuvuta hivyo kunainyoosha.
3. Sukuma iafoni ndani huku ukiizungusha kidogo kidogo. Simama pale kelele za nje zinapofifia ghafla na sauti yako mwenyewe inapoanza kusikika kama unaongea ndani ya mtungi.
4. Achia sikio, subiri nusu dakika. Mpira ukipata joto la mwili unalainika na kukaa.

Kutoa nako kuna utaratibu. Shika mwili wa alumini, usivute waya, zungusha taratibu ili hewa ipite kwanza, ndipo uvute. Ukichomoa kwa nguvu unafyonza ngoma ya sikio, na maumivu yake ni ya kweli.

Sasa hakiki. Tafuta programu ya kutoa mlio wa masafa unayoyataka, zipo za bure kwenye simu. Weka sauti chini, piga hezi 200, kisha shuka 100, 50, mpaka 30. Kwenye ER4SR iliyoziba vizuri mlio unashuka bila kukatika. Hezi 30 inasikika hafifu zaidi, kwa sababu sikio la binadamu lenyewe halina nguvu huko chini, lakini ipo. Ikiwa kati ya 100 na 50 mlio unaporomoka kama umezimwa, kuna uvujaji. Fanya jaribio hili sikio moja kwa wakati, kwani watu wengi wana tundu moja kubwa kuliko jingine, na si ajabu ukahitaji kimpira kikubwa kushoto na kidogo kulia.

Kama vimpira vya ngazi tatu vinakuumiza hata vidogo, tumia vya sponji. Vifinye kwa vidole mpaka viwe vyembamba, ingiza, vishikilie sekunde 20 hadi 30 vifumuke humo ndani. Sponji huchakaa mapema na haioshwi kama mpira, na inapunguza makali ya juu kidogo. Muhimu ni hili: utakachochagua, kitumie kwenye iafoni zote mbili. Kulinganisha SR yenye mpira na XR yenye sponji hakukupi jibu lolote.

Kina cha kuingia nacho kinabadilisha sauti. Iafoni ikikaa juujuu, hewa iliyobaki kwenye njia ya sikio inapata mvumo wake kwenye masafa ya trebo, yaani sauti nyembamba za juu, na herufi za mkwaruzo zinachoma. Msikilize mtangazaji akisema “sisi sote tumeshasikia”. Kama kila “s” inakudunga, kabla ya kuilaumu iafoni sukuma milimita moja au mbili zaidi, usikilize tena. Mara nyingi ukali unapungua palepale.

Hatua ya pili: hakiki chanzo cha sauti

Kwa kipimo cha kiwandani, volti 0.1 inaipa ER4SR desibeli 96 na ER4XR desibeli 98, kwa mlio wa hezi 1,000. Ukiongeza volti mara kumi unapata desibeli 20 zaidi. Maana yake adapta ndogo ya USB-C inayotoa volti 1 inaweza kuifikisha SR desibeli 116, na ile inayotoa nusu volti inaifikisha 110. Viwango hivyo vinapita kabisa kile ambacho sikio lako linapaswa kuvumilia. Usiuziwe amplifaya ya bei kubwa kwa madai kwamba iafoni hizi ni “ngumu kuendesha”. Ugumu ulikuwa kwa ER4S ya zamani.

Kinachostahili kuangaliwa ni ukinzani wa chanzo chenyewe. Spika ya amecha haina ukinzani mmoja kwa masafa yote: omu 45 ni pale kwenye hezi 1,000, na inapanda kadiri unavyokwenda kwenye trebo. Chanzo chenye ukinzani mkubwa kikiunganishwa hapo, masafa yenye omu chache yananyimwa umeme zaidi, na matokeo yake trebo inajitokeza kuliko ilivyokusudiwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba chanzo kisizidi sehemu moja ya nane ya iafoni, yaani 45 gawanya kwa 8, karibu omu 5.6. Adapta nyingi za simu ziko chini ya hapo. Baadhi ya amplifaya za zamani na mikisa za studio haziko. Chanzo cha omu 75 kitakupunguzia takribani desibeli 8.5 na kuing'arisha trebo, nawe utasema SR ni kavu, kumbe tatizo liko kwenye tundu la jeki.

Tumia chanzo kimoja kwa zote mbili, na uzime kila pambo: ikwalaiza ya simu (inayopandisha au kushusha besi na trebo), “besi ya ziada”, Dolby, na ule mpangilio wa programu ya muziki unaosawazisha sauti za nyimbo.

Hatua ya tatu: sawazisha ukubwa wa sauti

Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Kwa volyumu ileile XR iko juu kwa desibeli 2, na juu ya hizo ina besi zaidi. Sikio linapenda kilicho na sauti kubwa kidogo, na halikuambii kwamba ni ukubwa tu. Linasema “hii ina uhai”, “hii imefunguka”. Ukichomoa SR na kuchomeka XR bila kugusa volyumu, XR imeshashinda kabla wimbo haujaanza.

Rekebisha kwa programu, maana vitufe vya volyumu vya simu hupanda kwa ngazi ambazo si sawa. Kwenye Windows, Equalizer APO ina sehemu ya kupunguza sauti ya jumla: weka −2 unapotumia XR, na 0 unapotumia SR. Kwenye Android, Poweramp ina kitelezi cha kazi hiyohiyo. Usijaribu kusawazisha kwa kusikiliza wimbo wenye besi nzito, utaishusha XR kupita kiasi. Tumia mlio wa hezi 1,000 au sauti ya mtu anayeongea, ambako nyongeza ya besi haiingilii.

Weka sauti ya kawaida ya mazungumzo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3, muda huo unakatika nusu. Iafoni hizi zinazuia kelele za nje kwa takribani desibeli 35 zikikaa vizuri, kwa hiyo huna sababu ya kupandisha. Kwa sababu hiyohiyo usizivae ukivuka barabara wala ukiwa juu ya bodaboda. Honi hutaisikia.

Hatua ya nne: sikiliza ukijua unachotafuta

Iafoni hizi zina umbo moja, na hilo linakupa nafasi adimu: unaweza kujaribiwa bila kujua iliyoko sikioni. Mtu akupokeze huku umefumba macho, akibadilisha ile −2 kila mara inapokuja XR, akiandika pembeni. Fanya raundi 10. Ukipatia 9 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha ni karibu asilimia 1 tu, basi tofauti unaisikia kweli. Ukipatia 5 au 6, nunua iliyo na bei nafuu na uendelee na maisha. Vimpira viwe vya mtu mmoja. Kila anayejaribu aje na vyake.

Chagua vipande vinne au vitano unavyovijua kwa moyo, sekunde 20 hadi 30 kila kimoja. Rekodi ya taarab yenye qanuni ni kipimo kizuri sana cha katikati na juu. Nyuzi zinapodonolewa haraka, kila donoo lisikike na mwanzo wake na mwisho wake. Hapo SR na XR zinatakiwa zifanane. Ukisikia tofauti kubwa, rudi hatua ya kwanza, moja haijakaa. Kisha weka rumba ya Kongo yenye gitaa la besi linalotembea. Kwenye SR utafuata noti za besi kama mtu anayesoma mstari kwa mstari, kila moja na mipaka yake, bila uzito mkubwa. Kwenye XR noti zilezile zina mwili, na ngoma ya mguu inapopigwa unahisi duara lake, ingawa gitaa la mdundo lililo juu yake linasukumwa nyuma kidogo.

Weka pia singeli au bongofleva yenye besi ya kompyuta. Huu ndio mtihani wa kukataa. Ikiwa hata XR inakuacha ukitamani mtikisiko, zote mbili si zako, na hakuna kimpira kitakachokuongezea. ER2XR, ndugu yao wa bei ya chini mwenye spika ya koili badala ya amecha, ana besi nzito zaidi na anavaliwa vilevile. Mwisho weka mtu anayesoma habari, bila muziki. Sauti nzito ya kiume kwenye XR inaweza kupata unene kidogo kifuani. Ukiona inakukera baada ya dakika 10, itakukera kwa miaka.

Nani achukue ipi

Anayehariri sauti, anayechanganya muziki, anayenakili mahojiano, mwalimu wa kwaya anayetafuta nani ametoka kwenye ufunguo: ER4SR. Haikubembelezi, na kosa kwenye rekodi unalisikia mapema. Anayesikiliza kwa sauti ya chini usiku, kwenye chumba kimya, akifuata mashairi na ala za nyuzi, naye ataipenda, ingawa hapo kuna jambo la kupima: sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza, na ile nyongeza ya XR inaifidia kwa kiasi.

Kwa wengine wote ushauri wetu ni ER4XR. Kwenye daladala au matatu mngurumo wa injini uko chini, kwenye masafa yaleyale ya besi ya muziki, na kiasi kinachopenya kupitia mifupa ya kichwa kinaifunika. SR inayosikika kamili sebuleni inasikika nyembamba barabarani. XR inabaki na msingi wake.

Na kama wewe ni mtu wa kutumia ikwalaiza bila kuona taabu, uchaguzi unakuwa mwepesi zaidi. Kwenye SR weka kichujio cha rafu ya chini (mpangilio unaopandisha sauti zote za chini) kwenye hezi 105, nyongeza ya desibeli 3.5, Q (ukali wa mteremko wake) ya 0.7, na ushushe sauti ya jumla kwa 3.5 ili isipasuke. Umeisogeza karibu kabisa na XR. Kinyume chake nacho kinawezekana. Ukiwa mtu wa namna hiyo, chukua itakayopatikana kwa bei nzuri.

Kabla ya kulipa

Bei ya Marekani si bei ya kufika mlangoni. Ongeza nauli, ushuru wa forodha, na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Uliza kabla kama bidhaa iliyofunguliwa inarudishwa, maana maduka mengi hayapokei iafoni iliyokwisha kuingia sikioni. Ndani ya boksi uone vimpira vya ukubwa mbalimbali, sponji, vichujio vya akiba vya kuzuia nta ya sikio na kifaa chake kidogo cha kuvitolea, na cheti cha vipimo. Namba iliyoko kwenye cheti ilingane na ile ya kwenye mwili wa iafoni. Kwa mtumba, cheti kisipokuwepo, cheza wimbo wa mono (sauti ileile pande zote mbili): mwimbaji akae katikati ya kichwa bila kuegemea upande.

Waya wa SR na XR una kikato kinachozuia kiungio kisizunguke. Linganisha alama, sukuma wima mpaka usikie mlio mdogo, na usiuchomoe bila sababu. Viungio vya MMCX hulegea kwa kuchomolewa kila siku. Waya pia hupeleka mguso wake sikioni: ukisugua shati unasikia mchakacho. Upitishe juu ya sikio, au ubane kwa kile kibanio cha kwenye shati. Kwa mazoezi ya kukimbia usizinunue kabisa, kila hatua itagonga kichwani kama nyundo.

Upande mmoja ukififia

Hili litatokea, na karibu kila mara si spika iliyokufa. Mdomoni mwa kila iafoni kuna kichujio kidogo sana kinachozuia nta ya sikio na kulainisha trebo. Nta, jasho au mvuke vikikiziba, sauti inashuka na ung'avu unakwenda nao. Mwambao wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, unyevu pekee unatosha kukiziba kwa muda. Kwanza zilaze usiku mmoja kwenye kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu.

Isipopona, vaa iafoni kinyume, ya kushoto kulia. Udhaifu ukihama na iafoni, ni kichujio. Ukibaki kwenye sikio lilelile, ni kimpira au sikio lenyewe lina nta. Ukiwa na waya mwingine, ujaribu nao pia kabla ya kufungua chochote.

Kubadili kichujio: toa kimpira, elekeza mdomo wa iafoni chini ili uchafu usidondokee ndani, zungushia kifaa kwenye kichujio mpaka king'ate, kisha vuta wima. Kilichotoka kimeharibika, hakirudi tena. Weka kipya, sukuma taratibu kwa kitu bapa mpaka kilingane na ukingo. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo upande mpya utang'aa kuliko wa zamani. Usisikilize bila kichujio hata kwa siku moja: trebo inapanda, na nta inapata njia iliyo wazi mpaka kwenye spika. Vimpira vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, vikiwa vimetolewa kwenye iafoni, uvikaushe mpaka ndani ya tundu ndipo uvirudishe. Tone moja la maji lililobaki humo huishia kwenye kichujio ulichokiweka jana.